MGENI WA LEO HUJA NA JEMBE LAKE

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakuwa na nia ya kumfukuza. Walitaka ajione mwenzao, asiwe mzigo, ashiriki katika riziki ya nyumba aliyofikia. Ndugu msomaji, methali hiyo ingali na uzito wake, ila katika hoteli za miji yetu imepata sura mpya. Mgeni wa kazi wa siku hizi huja na jembe lake mwenyewe mkobani, nalo ni kompyuta. Wala hangoji siku ya tatu. Hata kabla hajavua viatu huulizia shamba la kulimia; na shamba la kompyuta ni intaneti yenye kasi.

Huenda ukadhani tunamzungumzia tajiri kutoka ng'ambo, mwenye suti na saa ya dhahabu. La hasha. Mgeni wa kazi ni wewe. Ni karani wa halmashauri aliyeitwa Dodoma kwa siku nne. Ni mkaguzi wa hesabu aliyetumwa Mwanza kupitia vitabu vya tawi. Ni muuza vipuri wa Kariakoo aliyekwenda Mbeya kufuata madeni. Ni mwuguzi aliye katika semina Arusha, ambaye jioni hana budi kuandika taarifa ya siku na kuipeleka kwa mkuu wake kabla ya kulala. Watu hawa hulala kwa posho, na posho ina mwisho wake. Wakikosa mtandao, siku ya pili huiongeza kwa fedha zao.

Hasara huweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali ya Tanzania hupitia mfumo wa NeST, ambao hupokea maombi kwa kompyuta. Dirisha la zabuni likiisha kufungwa, limefungwa. Hakuna karani wa kumbembeleza kwenye ngazi za ofisi. Fundi mkandarasi aliyekesha akipanga bei za saruji na nondo anaweza kuikosa kazi ya mwaka mzima, na vibarua wake nao wakaikosa, kwa sababu tu mtandao wa nyumba aliyofikia ulilala saa ile alipouhitaji.

Kwa hiyo makala haya yana neno moja la kusema, na yaliyobaki yote ni ushahidi wake: intaneti ya hoteli isipimwe kwa tangazo lililobandikwa mlangoni. Ipimwe katika chumba cha mwisho, saa tatu ya usiku, wageni wote wakiwa ndani.

TOKA TELEKSI HADI MAWIMBI

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya 1970 mgeni wa kazi aliyefika katika hoteli kubwa aliuliza mambo mawili mapokezini: simu ya masafa na teleksi. Teleksi ilikuwa mashine iliyofanana na ile ya kupiga chapa, ambayo ilipeleka maneno kwa waya hadi mashine nyingine iliyo mbali. Mwendo wake ulikuwa maneno yapatayo 66 kwa dakika, sawa na mpiga chapa hodari. Mgeni aliandika ujumbe wake kwenye karatasi, akaifupisha sentensi ili kupunguza gharama, kisha akamkabidhi opereta na kungoja jibu kesho yake. Baadaye ikaja faksi, nayo ikaonekana muujiza, kwa kuwa iliweza kupeleka hata sahihi na muhuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kompyuta iliunganishwa na laini ya simu kwa kifaa kiitwacho modemu. Kasi yake ya juu kabisa ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde. Hebu tupige hesabu. Faili la megabaiti 10, yaani picha chache tu za simu ya leo, lilihitaji dakika zipatazo 24 kupita katika laini hiyo, iwapo haikukatika katikati. Katika laini ya megabiti 20 kwa sekunde faili hilo hilo hupita kwa muda wa sekunde nne. Hapo ndipo utaona kwamba neno kasi si pambo la wauzaji. Ni tofauti kati ya mtu anayemaliza kazi akalala na mtu anayekesha.

Katika miaka hiyo hiyo hoteli za Marekani na Ulaya zilianza kuvuta nyaya za mtandao hadi kwenye meza za vyumbani, na kutoza malipo kwa siku. Mwaka 1999 ulitolewa utaratibu wa kupeleka mtandao kwa mawimbi ya redio kwa kasi ya hadi megabiti 11 kwa sekunde, na ndio mwaka lilipoanza kutumika jina la Wi-Fi, ambalo sisi twalitamka waifai. Tangu hapo mgeni hakufungwa tena na waya. Aliweza kufanya kazi kitandani, barazani, hata mezani akingoja chai. Lakini mawimbi nayo yana tabia zake, kama tutakavyoona.

BOMBA KUU LI CHINI YA BAHARI

Mfano ulio karibu nasi ni maji. Maji yanayotoka katika bomba lako hutoka mtoni, yakapita mtambo, yakapita bomba kuu la barabarani, ndipo yakaingia nyumbani na kugawanywa vyumbani. Pakitokea kasoro mahali popote katika safari hiyo, mfereji wako utakohoa. Intaneti nayo ni hivyo hivyo.

Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilichota sehemu kubwa ya intaneti yake kutoka setilaiti zilizo mbali angani, kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawasiliano hupanda na kushuka, na jibu lake nalo hupanda na kushuka. Jumla ni kilomita kama 144,000. Hata mawimbi ya redio, yaendayo kwa kasi ya nuru, huhitaji karibu nusu sekunde kwa safari hiyo. Nusu sekunde ni kitu kidogo kwa mtu anayesoma barua, lakini katika mazungumzo ni karaha: kila mmoja humkatiza mwenzake, kisha wote wawili hunyamaza wakingojeana.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi, ukiziunganisha Dar es Salaam, Mombasa, Maputo na Afrika Kusini na njia za Ulaya na India. Mwaka huo huo mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy, wenye urefu wa kilomita zipatazo 10,000 kati ya Afrika Kusini na Sudan. Mikongo hiyo ni nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha nuru, zilizofunikwa na kulazwa chini ya bahari. Bara nako Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulitandazwa mkoa kwa mkoa. Hivyo hoteli ya Dodoma au Mwanza, ambayo haioni bahari, hunywa kutoka kisima kile kile.

Lakini bomba kuu nalo hupasuka. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja kusini, karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku hizo watu wengi walitambua, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba ujumbe unaotumwa kutoka Sinza kwenda Magomeni waweza kutegemea uzi ulio chini ya maji, maelfu ya kilomita kutoka hapo. Mwenye hoteli hana uwezo wa kuushona mkongo wa baharini. Analoweza ni kutotegemea mlango mmoja: awe na laini mbili za makampuni mawili yanayopita njia tofauti, moja ikilala nyingine iamke.

GHOROFA YA NNE HAIPATI MAJI

Tuseme bomba kuu ni zima. Je, kila chumba kitapata? Aliyepanga katika nyumba ya ghorofa mjini anajua jibu. Asubuhi wa chini wakifungua mifereji yote wafue, wa ghorofa ya nne hubaki na ndoo kavu. Mwenye nyumba hakusema uongo aliposema maji yapo. Yapo, lakini hayafiki.

Chukua hoteli ya vyumba 40, mfano tu. Saa nane mchana wageni wako mikutanoni, na aliye chumbani peke yake atasifu intaneti kwa moyo wake wote. Saa tatu usiku mambo ni mengine. Wageni 25 wamerudi. Kila mmoja ana simu na kompyuta, kwa hiyo vifaa ni 50 na si 25. Mazungumzo ya video yenye picha safi huhitaji kama megabiti mbili kwa sekunde za kupeleka, na kiasi kama hicho cha kupokea. Wote 25 wakizungumza kwa wakati mmoja, zinahitajika megabiti 50 za kupeleka na 50 za kupokea, mbali na anayetazama sinema na simu zinazojipakulia mambo zenyewe.

Na hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Laini nyingi za mtandao huuzwa kwa kasi ya kupokea, ilhali kasi ya kupeleka hufichwa katika maandishi madogo, nayo huweza kuwa ndogo mno. Kwa mtu anayetazama mpira, hilo si neno. Kwa mgeni wa kazi ndilo neno lenyewe, maana yeye hupeleka: taarifa, picha za mradi, hesabu, na sura yake mwenyewe katika kikao. Meneja anayenunua laini bila kuuliza kasi ya kupeleka ni sawa na mtu aliyenunua gari lenye gia za kurudi nyuma tu.

UKUTA WA MATUMBAWE

Adui wa tatu ni ukuta. Waifai ni mawimbi ya redio, na mawimbi hupungua nguvu kila yanapopenya kitu. Mbao na vioo huyapunguza kidogo. Tofali na zege huyapunguza sana. Bati na maji huyakomesha. Aidha, waifai hutumia zaidi masafa mawili. Lile la gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya zaidi, lakini limejaa msongamano, na hata jiko la mawimbi lililo jikoni hulivuruga linapopasha chakula. Lile la gigahezi 5 ni jepesi na lina nafasi, lakini huchoka upesi mbele ya ukuta.

Nenda ukaone Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuandikisha katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Nyumba nyingi za kale zilizogeuzwa hoteli zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake kulazwa juu ya boriti za mikoko. Kuta hizo huweza kufikia nusu ya mita kwa unene, na hata kuzidi. Waliozijenga walikuwa na hekima: zilizuia joto, zilizuia kelele za mtaani, zilisitiri faragha ya familia. Hawakujua kwamba wajukuu wao watatafuta kitu kisichoonekana ambacho ukuta huo utakizuia vile vile. Ruta moja iliyowekwa mapokezini, hata iwe ya bei gani, haitafika chumba cha tatu katika nyumba ya namna hiyo.

Wala huwezi kutoboa ovyo. Nyumba hizo ni urithi, na kazi zake husimamiwa na mamlaka ya hifadhi ya Mji Mkongwe. Fundi mwenye adabu hupitisha waya katika matundu ya kale ya umeme, au pembeni mwa ngazi, au juu ya dari, kisha huweka kisanduku kidogo cha kusambazia mawimbi katika kila ukumbi, karibu na milango ya vyumba. Kwa hiyo kanuni ni moja, iwe Zanzibar au Iringa: usiongeze nguvu ya ruta moja, ongeza waya na visanduku. Waya ubebe mzigo. Mawimbi yamalizie hatua chache za mwisho.

Tukiwa Zanzibar tukumbuke jambo jingine. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa kama miezi mitatu bila umeme kutoka bara, baada ya njia yake kuharibika. Hoteli zilizokuwa na jenereta ziliendelea kupokea wageni kwa gharama kubwa. Nyingine zilikaa gizani. Intaneti ni mtoto wa umeme. Hata umeme ukikatika kwa dakika mbili tu, ruta huzimika, nayo huchukua dakika kadhaa kuamka. Kikao cha mgeni kimekwisha kuharibika. Betri ndogo ya akiba ya kuishikilia ruta na visanduku vyake ni chombo cha gharama nafuu kuliko malalamiko ya mgeni mmoja anayehama.

MGENI ASIFUNGIWE MLANGO

Baadhi ya wenye hoteli duniani waliiona kiu ya mgeni wakaona mwanya wa kumkamua. Kisa maarufu kilitokea Marekani katika hoteli ya Gaylord Opryland mjini Nashville, iliyokuwa ikiendeshwa na kampuni ya Marriott. Watu waliohudhuria mikutano walikuta hawawezi kutumia intaneti ya simu zao wenyewe kwa kuigawia kompyuta. Uchunguzi ulionyesha kwamba wafanyakazi wa hoteli walitumia mitambo kuyazima makusudi mawasiliano hayo, huku hoteli ikiuza intaneti yake kwa wenye mabanda na wahudhuriaji kwa dola 250 hadi 1,000 kwa kifaa kimoja. Oktoba 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 600,000 kwa tume ya mawasiliano ya nchi hiyo kumaliza shauri.

Kisa hicho kina funzo kwetu. Mgeni anayewasha bando la simu yake chumbani hatendi kosa; anakuambia kwa upole kwamba huduma yako haikumtosha. Mwenyeji mwenye busara huisikia sauti hiyo, hamfungii mlango.

Lipo na jambo la hatari zaidi. Novemba 2014 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza habari za kundi ililoliita Darkhotel. Kundi hilo lilijipenyeza katika mitandao ya hoteli za Asia na kuwavizia wakuu wa makampuni waliofikia humo. Mgeni alipoingia kwenye mtandao wa hoteli, aliletewa ujumbe wa kumtaka aisasishe programu anayoifahamu. Akikubali, alikuwa amemkaribisha mwizi ndani ya kompyuta yake.

Huna haja ya kuwa mkuu wa kampuni ili uibiwe. Mtu yeyote anaweza kukaa barazani na simu yake, akaupa mtandao wake jina linalofanana na la hoteli, akangoja samaki aingie. Basi uliza mapokezini jina kamili la mtandao, herufi kwa herufi. Usikubali kusasisha programu yoyote ukiwa hotelini. Fanya hivyo nyumbani kabla ya safari. Na shughuli za benki, ikiwezekana, uzifanye kwa bando lako.

Wenye hoteli nao wana wajibu wao. Wanachukua namba ya kitambulisho, namba ya simu, pengine na nakala ya pasipoti. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 2023. Kenya ilitangulia na sheria yake mwaka 2019. Kompyuta yenye taarifa za wageni, na mashine ya EFD inayotoa risiti, zisikae katika mtandao ule ule anaopewa kila apitaye kunywa soda. Nyumba ina ukumbi na ina chumba cha ndani. Mtandao nao uwe na ukumbi na chumba cha ndani.

ANAYELAUMIWA NI NANI?

Sasa tumtazame mtu ambaye aghalabu husahauliwa katika mazungumzo ya mitambo. Ni binti au kijana aliyesimama mapokezini zamu ya usiku. Hakununua yeye ile laini. Hakuiweka yeye ile ruta ndani ya kabati la chuma. Lakini mtandao ukilala saa nne, ni yeye anayefokewa, naye hana la kujibu ila kuchomoa waya na kuuchomeka tena.

Hili si haki, wala si uendeshaji mzuri. Mfanyakazi huyo afundishwe mambo machache: kutambua kama kasoro iko chumbani, katika ghorofa nzima, au katika laini inayotoka nje, kujua kisanduku kipi kinahudumia vyumba vipi, kuwa na namba ya fundi anayepokea simu usiku, na kuwa na daftari la kuandika chumba, saa na kasoro. Daftari hilo likisomwa na meneja kila Jumatatu, chumba kinacholalamikiwa mara tano kitajitaja chenyewe. Kazi ya siku moja ya mafunzo humpa mtumishi heshima mbele ya mgeni, na humpunguzia meneja gharama za kubahatisha.

Wafanyakazi wenyewe wasilione jambo hili kuwa la mitambo tu. Mgeni wa mapumziko huja mara moja kwa mwaka, pengine mara moja katika maisha. Mgeni wa kazi hurudi, na akiridhika ofisi yake huwatuma wenzake. Ndiye anayejaza vyumba katikati ya juma na katika miezi ambayo watalii hawapo. Akihama, mpishi, mfua nguo na dereva wa teksi aliye nje wote wataona pengo lake. Mgeni njoo, mwenyeji apone; na wenyeji wa hoteli ni wengi kuliko mwenye hisa.

MWENYE LOJI NDOGO AFANYEJE?

Pengine wewe unayesoma una loji ya vyumba kumi kando ya stendi, na unasema haya ni mambo ya hoteli za nyota. Sivyo. Nyumba ndogo ina bahati: kuta ni chache na waya ni mfupi. Fuata taratibu hizi.

Kwanza, unapolipia laini, taka maandishi yanayoeleza kasi ya kupeleka na ya kupokea, na idadi ya saa ambazo fundi atachukua kufika kukiwa na kasoro. Pili, itoe ruta kabatini na chini ya kaunta. Iweke juu, pawazi, katikati ya nyumba. Tatu, vuta waya hadi kila ghorofa au kila ubawa, uweke kisanduku cha mawimbi hapo. Nne, weka kiwango kwa kila kifaa ili mgeni mmoja anayepakua sinema asiwanyang'anye wenzake. Tano, weka meza, kiti na soketi karibu yake. Wako wageni wengi wanaofanya kazi wamepiga magoti kwa sababu soketi pekee iko nyuma ya kitanda. Sita, badilisha neno la siri mara kwa mara, usiliache ukutani miaka mitatu hadi mtaa mzima ulijue.

Saba, ndiyo kubwa. Mara moja kwa juma, saa tatu usiku, chukua simu yako, panda hadi chumba cha mwisho, funga mlango, upime. Usipime ukiwa umesimama kando ya ruta. Hapo kila mtandao ni mzuri.

NAWE MSAFIRI

Kwa upande wako, msomaji unayesafiri kikazi, jifunze kuuliza kabla ya kulipa. Usiulize, "Kuna waifai?" Jibu la swali hilo ni ndiyo daima. Uliza: Je, mtandao unafika katika chumba nitakachopewa? Kasi ya kupeleka ni ngapi? Umeme ukikatika, unaendelea? Omba upime chumbani kabla ya kuandikisha jina. Mwenyeji mwaminifu hatakasirika. Na ukikuta kasoro, sema palepale kwa adabu, useme chumba na saa. Manung'uniko ya garini wakati wa kurudi hayamsaidii mtu.

Jambo hili lina upande wake wa nyumbani. Mama aliye semina mkoani ana mtoto wa darasa la tatu anayetaka kumwonyesha daftari lenye alama za vema kabla ya kulala. Baba aliye kwenye mradi wa barabara amekosa sherehe ya mwanawe, anataka walau kuona keki ikikatwa. Kwa watu hao, megabiti mbili si biashara. Ni malezi. Hoteli inayowapa wageni wake dakika ishirini za sura na sauti safi kila jioni inazishika nyumba ambazo haitaziona kamwe.

Na kwa wale mnaobaki nyumbani, kanuni ni ile ile. Ikiwa intaneti ya sebuleni haifiki chumba cha watoto wanakosomea, msikimbilie kununua kifurushi kikubwa zaidi. Tazameni kwanza ruta iko wapi. Ikiwa imejificha nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la vyombo, itoeni, muiinue, kisha mpime tena. Mara nyingi tiba ni ngazi na misumari miwili.

Shime basi, wenye hoteli, mameneja na mafundi. Wageni wetu hawajaomba marumaru mpya wala taa za rangi. Wameomba shamba lenye rutuba hadi kwenye mpaka wake, ili jembe walilokuja nalo lisikae bure. Usiku wa leo, saa tatu ikigonga, pandeni ngazi hadi chumba cha mwisho, mkapime.